Cheti Chenye Jina la Mama Tu

Yoyoh na mumewe Odang waliuza tofu katika mji wa Garut. Kila alfajiri Yoyoh alisaga soya, na Odang akachuja maziwa yake ya kugandisha tofu. Kwa kazi hawakugombana. Waligombana kwa karatasi.

Kabla ya kuoa, Odang alijiunga na kundi lililohubiri kwa siri kwamba serikali ni ya makafiri, na kwamba Waislamu wawe na dola yao. Alikula kiapo, akachoma kitambulisho chake. Kiongozi wa kundi ndiye aliyewaozesha, wala ndoa haikuandikishwa.

Sasa binti yao Wulan alitakiwa kuanza shule, na shule ilitaka cheti cha kuzaliwa. Odang akasema hataomba kitu kwa serikali ya kikafiri.

"Na umeme wa mashine ya soya unauomba kwa nani?" Yoyoh akamuuliza. Odang akarudi kuchuja maziwa, kama kawaida yake. Yoyoh alikuwa amechoka na tabia hiyo.

Akaenda peke yake kwa jirani yao Bi Enung, karani wa kijiji, ambaye jioni hufundisha watoto Kurani. Bi Enung akamweleza kwamba cheti kinawezekana, ila kwa kuwa ndoa haikuandikishwa, kitakuwa na jina la mama tu.

"Andika," Yoyoh akasema.

Odang alipokisoma cheti, alikikunja akakitia mfukoni. Akaenda kwa Bi Enung, amefura.

"Mimi siye baba yake?"

"Baba ni wewe, lakini sheria haikujui. Ulikataa ikujue," Bi Enung akamjibu. "Kaa, Odang. Nchi yetu ina misingi mitano, na wa kwanza ni kumwamini Mungu Mmoja. Nani amekuzuia kuswali? Serikali ikikosea, iseme, ipigie kura iondoke. Ninyi mnataka dola ya dini moja, na Mkristo wa mtaa wa pili aishi kwa hisani yenu. Na kiongozi wenu akikudhulumu, utamshtaki wapi?"

Odang akakitoa tena cheti, akauliza afanye nini jina lake liingie. Bi Enung akamwelekeza kwenye mahakama ya dini ya serikali, inayothibitisha ndoa kama yao.

Odang akaomba kitambulisho kipya, kisha wakaenda na mashahidi wawili. Hakimu akaithibitisha ndoa, na cheti kikatolewa upya chenye majina ya wazazi wote wawili. Wulan akaanza darasa la kwanza. Wenzake Odang wa kundi wakaacha kumsalimia, naye hakurudi kwao.

Siku hizi ndiye anayewahimiza majirani waandikishe ndoa zao, kama vile jambo hilo amelivumbua yeye. Yoyoh humtazama tu, akachoka upya.