Alama ya Mwisho wa Mstari

Kila Jumatano jioni, Nyambu akishamaliza kukama ng'ombe, hufundisha kwaya ya kanisa lao huko Kibomet, mjini Kitale. Mwaka huu alitunga wimbo wake mwenyewe. Aliuandika kwa noti kwenye kompyuta, akautoa kopi. Kwaya ingeuimba kwenye mashindano Bungoma.

Shida ilikuwa besi. Mstari wa noti ukiisha, wanaume walisita. Kisha waliingia mstari wa pili kwa sauti isiyo yao.

"Muigai, si uliimba vizuri jana nyumbani?" Nyambu alimwuliza mumewe.

"Nikifika mwisho wa mstari, jicho linarudi kushoto, sauti inabaki kulia. Nifanye nini, bana?"

Watu wakacheka. Judy, mwenyekiti wa kwaya, hakucheka.

"Mwalimu, wimbo ni mtamu. Lakini besi wakishindwa Jumapili, tutaenda na ule wa zamani. Sitaki tuaibike Bungoma."

Nyambu alikusanya karatasi zake, akarudi nyumbani.

Alhamisi alimwita jirani yao, Walubengo, mtu wa Matulo anayetengeneza kompyuta na kuandikia kwaya noti. Walubengo alisoma karatasi polepole.

"Nyambu, watu wako si wabaya. Karatasi ndiyo haiwaambii kinachofuata. Weka alama ndogo mwisho wa kila mstari. Ikae kwenye kimo kile kile cha noti ya kwanza ya mstari ujao. Hapo sauti inajua inakoenda."

"Programu inaweza?"

"Inaweza, lakini haiweki mpaka uiagize."

Alimwonyesha mahali pa kuandika agizo hilo. Alama zikatokea mwisho wa kila mstari. Alimwonyesha pia pa kubadilisha umbo, ukubwa na rangi. Nyambu akazipaka nyekundu.

Ijumaa walifanya mazoezi. Besi walifika mwisho wa mstari, wakaimba sauti moja zaidi.

"Ati hii noti ya mwisho ni ya nini?" Muigai aliuliza.

Nyambu alitazama karatasi. Mashine ya kopi ilitoa wino mweusi tupu. Bila wekundu, alama ilifanana na noti.

Jumamosi aliketi mwenyewe mbele ya kompyuta. Alibadilisha kitu kimoja, akachapisha, akatazama. Aliondoa rangi. Akachagua umbo la tiki yenye mkia. Akaipunguza. Muigai alivaa miwani, bado hakuiona. Akaikuza kidogo.

"Hii ni nini?" Nyambu alimwuliza.

"Tiki."

"Utaiimba?"

"Tiki haiimbwi, mama!"

"Vizuri. Iko wapi?"

"Kwa ile mistari mitano ya noti, wa pili kutoka chini."

"Basi hapo ndipo unapoanzia ukiingia mstari unaofuata."

Muigai alitazama tiki, akatazama mstari uliofuata. Aliimba. Akauingia bila kusita.

"Wee! Kumbe?"

Jumapili Nyambu aliwaeleza besi wote vivyo hivyo. Waliimba wimbo wote, mistari kumi na miwili, bila kupotea. Judy alisimama.

"Andikeni jina la wimbo huu kwenye fomu. Tunaenda nao."

Jumamosi iliyofuata, ukumbi wa Bungoma ulijaa. Besi waliingia kila mstari wakiwa imara kama nguzo. Sauti ilipozimika, watu walisimama kupiga makofi.

Jioni mwamuzi alisoma matokeo kutoka chini kwenda juu. Nafasi ya tatu ikapita. Ya pili ikapita. Judy aliushika mkono wa Nyambu kwa nguvu.

"Nambari moja, kwaya ya Kibomet! Na wimbo huu umetungwa na mwalimu wao, Nyambu!"

Muigai ndiye aliyepiga kelele wa kwanza, kwa sauti ya besi.