Saa Moja ya Chumba Kitupu

Jumanne, tarehe 4 Juni 2019, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Karani alisikia katika nakala sauti ambayo haikuwamo katika asili.

Alivua spika za masikioni, akazifuta kwa leso, akazivaa tena. Sauti ilikuwa palepale.

Watu walimwita Karani hata baada ya kustaafu masjala, tarehe 30 Juni 2011, akiwa ametumikia miaka thelathini na minne bila kupoteza jalada hata moja. Nyumbani aliishi peke yake. Mkewe alifariki tarehe 2 Februari 2016, na binti yao wa pekee aliolewa mbali, wakawa watu wa kuzungumza kwa simu kila Jumapili. Kilichombakia ni nyimbo, elfu kumi na nne mia mbili na sita, alizozikusanya tangu enzi za kanda, kisha akaziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake na tarehe yake. Zote zilikaa katika diski moja, na mwezi wa Mei diski hiyo ikaanza kugonga kama saa mbovu.

"Baba, hiyo inakufa," binti alimwambia. "Weka nakala tatu. Mbili hapo, moja nitumie mimi. Nyumba ikiungua je?"

"Iunguzwe na nini? Hapa hata chai siku hizi nainywa baridi."

"Baba!"

"Nimesikia, mama. Tatu."

Kompyuta ilikuwa na njia yake ya kuhakiki, lakini Karani hakuwahi kumwachia mwingine kazi ya kulinganisha nakala na asili. Alisikiliza mwenyewe, vipande vya kila wimbo. Wimbo namba 6,118 tu ndio aliousikiliza mpaka mwisho. Aliurekodi kutoka redioni Jumapili, tarehe 17 Agosti 2003, kinasa sauti kikiwa mezani, na mkewe, aliyekuwa akipiga pasi nyuma yake, akajisahau akaimba. Siku ile Karani alimgombeza kwa kumharibia kanda. Sasa hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ya mkewe iliyobaki duniani.

Na katika nakala, nyuma ya sauti hiyo palikuwa na nyingine, nyembamba, ikiufuata wimbo kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayejifunza.

Karani alifanya alichokifanya siku zote nakala ilipokosewa: aliifuta, akanakili upya. Katika nakala ya pili ile sauti ilikuwa karibu zaidi na mkewe mbali zaidi. Akanakili mara ya tatu, na ya nne. Kufikia ya saba mkewe alisikika kama anayeimba katika chumba cha pili, na hapo alipoketi Karani, ambapo pasi haikuwashwa tangu msiba, palinuka nguo inayoungua. Akarudi kwenye asili. Humo pia mkewe alikuwa ameanza kwenda zake.

Kesho yake asubuhi alimwita fundi wa kompyuta.

"Mzee wangu, kunakili si kurekodi," fundi alicheka. "Mashine haiongezi neno. Labda masikio nayo yamestaafu."

Kisha akasikiliza. Kicheko kikamkauka. Alizivua zile spika polepole, akaziweka mezani kwa ncha za vidole.

"Mzee," alinong'ona, "humu kuna mtu ananiuliza mimi ni nani."

"Umemjibu?"

"Nimjibu, nina wazimu? Nina shangazi yangu mganga, hizi ndizo kazi zake. Usinakili tena mpaka aje."

Shangazi alifika alasiri, mwanamke mfupi mwenye miwani minene. Alifunga madirisha, akavaa spika, akasikiliza. Karani alisimama ukutani akimtazama, na kadiri kimya kilivyorefuka ndivyo ile harufu ya nguo inayoungua ilivyozidi kumkaba, na joto la pasi isiyoonekana likampitia shavuni, na kiti kilicho tupu kando ya mganga kikalia mlio wa kiti kinachokaliwa na mtu mzito.

"Ni jini," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Kila unaponakili unamfungulia mlango, naye anamsukuma mwenye sauti apate nafasi."

"Anataka nini kwangu?"

"Anasema humu kila sauti ina namba na tarehe, itatunzwa hata wenyewe wakifa. Yeye ameishi miaka mia nane na hakuna aliyemwandika popote. Anataka kutunzwa."

Karani, pamoja na hofu yake yote, alimwelewa.

Masharti yalikuwa mafupi. Kesho saa tisa awashe kinasa sauti katika chumba kitupu, afunge mlango, aondoke kwa saa moja. Kitakachonaswa akipe namba, akitie katika nakala zote, wala asikifungue kamwe.

"Na mke wangu?"

"Atasikika kama zamani. Ndivyo alivyosema." Mganga alikuwa akifunga mkoba wake, hakumtazama. "Mimi nafikisha tu maneno, baba."

Alhamisi, tarehe 6 Juni, Karani alitimiza. Katika dakika ya arobaini vishindo vilianza nyuma ya mlango, vya chini, vya mfululizo. Akausogelea, akashika kitasa, akabaki amekishika huku akijiambia kwamba hizo ni hila za jini za kumvunjisha ahadi, kwamba akifungua atampoteza mkewe milele, kwamba mtu aliyetunza majalada miaka thelathini na minne hashindwi kutunza dakika ishirini, akakiachia kitasa na kwenda kukaa barazani.

Alikipa namba 14,207. Kisha akafungua 6,118. Mkewe alikuwa amerudi, karibu kuliko alivyowahi kusikika, peke yake. Karani alilia kama mtoto. Akanakili mara tatu, zote zikalingana, na diski ya tatu akaituma kwa binti. Habari za jini hakumwambia, asije akachekwa.

Jumapili, tarehe 30 Juni, simu ililia.

"Umemsikia mama yako?" Karani aliharakisha kuuliza. "Kama yuko papa hapa!"

"Baba, mama hakujua kuimba. Kwenye kiitikio alikuwa anapotea kila mara, mimi na wewe tukimcheka. Huyu hakosei hata mahali pamoja."

"Ulikuwa mdogo, umesahau."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Na hii ya mwisho, ya saa moja, nimeifungua. Kuna mwanamke anapotea kwenye kiitikio, Baba. Halafu anaacha kuimba, anagonga mlango, anakuita."

Karani alitaka kumwambia aifunge. Badala yake alisema, "Sogeza simu hapo."

Alisikiliza akiwa amesimama. Alimsikia mkewe akigonga na kumwita jina lake la ujana, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kisha, kwa mbali, upande wa pili wa mlango, alisikia nyayo za mwanamume zikija. Zikasimama. Kitasa kikashikwa, na mkewe akaacha kugonga, akasubiri.

Kitasa kikaachiwa. Nyayo zikaondoka, polepole, kuelekea barazani.