Vitambaa Visafi vya Plamedi

Kwanza Kahindo alifurahi, na nani angemlaumu? Pale Mudzipela maji ya kufulia yanabebwa kichwani, sabuni haikai, na mvua ya Bunia haina adabu: inasubiri uanike ndiyo ishuke. Mwanamke mwenye mtoto mchanga akifungua kitambaa cha mtoto akakuta mkojo tu, asubuhi mpaka jioni, atafanya nini kama si kumshukuru Mungu?

"Weye uko na baraka, Mama Plamedi," jirani yake Véronique alimtania kutoka upande wa pili wa uzio. "Mutoto ya bila mavi! Unipe dawa yake. Wa kwangu iko najaza beseni."

Wakacheka wote wawili. Kesho yake Kahindo alicheka kidogo. Wiki ilipokatika hakucheka tena. Alikuwa akivigeuza vitambaa kwenye mwanga na kuvinusa, akitafuta japo doa moja.

Mama mkwe wake, Scholastique, aliyekaa nao nyumba moja, hakuwa mtu wa kungoja. Alimfunga mjukuu mgongoni, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, akaenda hospitali. Daktari akaminya tumbo, akalikuta laini. Akasema mtoto wa ziwa anaweza kukaa siku nyingi namna hiyo, maziwa ya mama hayaachi makapi mengi. Daktari hakusema uongo, watoto wa hivyo wapo. Ila mtu mmoja katika nyumba ile alijua kwamba kuna na watoto wa namna nyingine, na alinyamaza.

Mtu huyo ni Blanchard, baba wa mtoto, mwana wa Scholastique, na mimi simwonei huruma mapema. Alikuwa gidi. Ajensi ndogo ya mjini ilimtuma kuwapeleka wageni msituni kila barabara ilipofunguka, kupita Marabo, Komanda na Mambasa, mpaka Epulu kwenye hifadhi ya okapi. Na mdomo alikuwa nao! Aliwaambia wageni jinsi Wazungu wa kwanza waliposikia habari za mnyama huyu walidhani ni punda milia wa msituni, kumbe ndugu yake ni twiga. Aliwaambia jinsi alivyokamatwa kwa mashimo enzi za Wabelgiji, akapakiwa melini kupelekwa Ulaya, na wengi wakafia safarini. Halafu akawapa yale ya kuchekesha: kwamba ulimi wake ni mrefu hata anajiramba masikio, kwamba kwato zake zinaacha kitu cheusi cha kunata, kama lami, pale anapopita, kwamba mama humwita mtoto wake kwa sauti ambayo sikio la mtu haliikamati. Na ndama wake, mabibi na mabwana, ndama wake hanyi! Wiki nyingi amejikunja mafichoni, ananyonya, hanyi, ili chui asipate harufu.

Hapo wageni walicheka mpaka wakapiga mapaja. Sasa siku Scholastique aliposema mezani kwamba Plamedi hajanya tangu baba yake arudi kutoka msituni, Blanchard aliweka tonge la bugali chini, akanawa mikono, akatoka nje.

Majini mengi tunayoyasikia ni ya usiku. Hili halikuwa hivyo. Okapi hutembea mchana, na kitu kile nacho kilikuja mchana, jua likiwa kali, wakati vyombo vimeshaoshwa na mtaa umetulia. Kwanza ilikuja harufu: majani yaliyooza, uyoga, gome la mti lililolowa, harufu ya msitu ndani ya nyumba ya mabati isiyo na hata mgomba karibu. Kisha mifuniko ya sufuria ikaanza kutetemeka. Kahindo alidhani ni gari kubwa la walinda amani linapita. Akachungulia: barabara tupu, motari mmoja amelala juu ya pikipiki yake. Akarudi ndani, akatazama beseni, na maji yalikuwa yanacheza duara kwa duara bila sauti yoyote, ila kifuani mwake mwenyewe kitu kilikuwa kinavuma, kinavuma, na maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, yakalowesha blauzi, kana kwamba mtoto amelia.

Lakini Plamedi hakulia. Siku hizo alikuwa ameacha kulia. Alikuwa juu ya mkeka, mikono na miguu ameikunja chini ya tumbo, shingo ameinyoosha, macho yake yakifuata kitu kirefu kilichokuwa kinatembea taratibu kutoka mlangoni kuja kwake. Kahindo alimnyakua. Masikio ya mtoto yalikuwa yamelowa, ndani na nyuma, safi kuliko alivyowahi kuyasafisha yeye. Kope zake vilevile. Na juu ya sementi aliyoipiga deki asubuhi palikuwa na madoa meusi, mawili mawili, yananata. Hayakutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa.

Jioni alimfuata mumewe nyuma ya nyumba.

"Papa Plamedi. Ulifanya nini kule?"

"Sema polepole."

"Ju ya nini niseme polepole? Nani iko nasikia?"

Blanchard alitazama mlango wa jikoni.

"Niliita," akasema. "Niliita na pua."

Kahindo alizaliwa Butembo, mambo ya msitu hakuyajua, ikabidi aelezwe. Kwa kina Blanchard, upande wa Mambasa, mwindaji hubana pua na kulia kama ndama aliyeshikwa. Mama wa ndama anatoka mbio, mwindaji anamuua. Babu yake alimfundisha mwito ule, na akamfundisha sharti lake: usimwite usiyetaka kumuua. Ukimwita akaja ukamwacha hai, simama hapo hapo, achia pua, sema kwa mdomo wako na kwa nguvu, "Hakuna mutoto. Ni miye nilidanganya." Usiondoke kabla hujasema. Kwa sababu aliyekuja kwa kilio cha mtoto harudi kwake bila mtoto.

"Bageni balikuwa bamechoka," Blanchard alinong'ona. "Mvua, siafu ndani ya viatu, na ata mukia ya nyama habakuona. Mumoja akasema ajensi yetu ni ya bongo, ya kudanganya batu. Nikasema, bon, nitaita kidogo tu."

"Ikakuja?"

"Ikakuja. Baliona miguu na mistari yake. Bakapiga picha, bakapiga makofi."

"Na weye?"

"Miye niliangalia juu, niko natafuta kichwa. Kahindo, ile miguu ilikuwa inapanda tu. Na mistari yake. Ikaingia mu majani ya juu kabisa, na kichwa sikuiona."

"Na haukusema ile maneno?"

"Ningesema namna gani? Bale batu banisikie niko naongea na miti? Nilikuwa nimebaambia sasa hivi ile mambo ya bankambo, ya babu zetu, ni bujinga. Bangesema siye tungali bashenzi."

Basi ndiyo hayo. Aliona haya mbele ya watu waliokuwa wanampigia makofi, watu ambao leo hata jina lake hawalikumbuki, na haya hiyo akaibeba kwenye gari mpaka nyumbani kwake, mpaka kwenye mkeka wa mtoto wake. Kahindo alimpiga kofi moja. Kisha akalia.

"Ungeonekana mushenzi," akasema, "mutoto yangu anye."

Asubuhi moja Plamedi alikataa ziwa. Kahindo alimbembeleza, akamkamulia mdomoni. Mtoto aligeuza uso. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Pembeni mwa midomo palikuwa na maziwa mazito, ya rangi ya kijani kwa mbali, na hayakuwa ya Kahindo.

Hapo Scholastique, mwimbaji wa kwaya, mama wa kanisa kwelikweli, alifunga kitambaa kichwani akaenda mwenyewe kumwita Mwalimu Rachidi. Rachidi alikuwa Mwislamu aliyekaa miaka kwenye machimbo ya dhahabu huko Nizi, akiwatibu wachimbaji waliofuatwa na majini ya mashimo. Alikuwa na hasira za karibu na kikohozi cha vumbi. Alifika na ubani na Kitabu chake, akaketi, akaanza kusoma. Jua lilipopanda mifuniko ikatetemeka, naye akanyamaza katikati ya aya. Akauzima ubani.

"Miye nafukuza mwizi," alisema. "Huyu haiko mwizi. Ni mama, na ameitwa. Nikiendelea kumusomea ataona miye ndiye mubaya, niko namuzuia mutoto yake. Nani alimwita?"

Wote wakamtazama Blanchard.

"Arudi msituni akaseme?" Kahindo aliuliza.

"Barabara ya kule imefungwa, masasi ya bunduki iko nalia tangu juzi. Na ju ya nini aende, na mwenyewe iko hapa?" Rachidi alimgeukia Blanchard. "Utaita tena, kwa pua, ili amuache mutoto akuangalie weye. Halafu useme kile ulikataa kusema. Na ufanye leo, ndugu yangu. Amekwisha kumunyonyesha. Kinachofuata ni kumutembeza mpaka kwake."

Blanchard alipiga magoti katikati ya nyumba, akabana pua, akalia. Sauti ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, kama ya mwana-mbuzi aliyefungwa ndani ya gunia, na Scholastique, aliyewahi kuisikia kwa baba mkwe wake zamani, aliziba masikio. Mavumo yakakatika. Halafu harufu ikaingia yote kwa mara moja, nzito, ya kuziba koo, na mwanga wa mlangoni ukapungua ingawa hakuna aliyesimama pale, na sementi ikatoa mlio wa kubanduka, hatua moja, ya pili, kitu kinachonata kikiachia na kukanyaga tena, kikampita Kahindo karibu kiasi cha kumpepea uso, kikasimama kati ya Blanchard aliyepiga magoti na mkeka alipolala mtoto, na mabati ya juu yakagonga kana kwamba kuna mgongo unaoyasukuma ili upate nafasi ya kuinama.

"Sema!" Rachidi alimkemea.

"Hakuna mutoto," Blanchard akaanza. "Ni miye nili..."

Sufuria zote zikaanguka. Kwa maana mtoto alikuwepo! Alikuwa pale mkekani, anaonekana, ananuka maziwa, na yule mama hakuwa kipofu. Nywele laini za Plamedi zikalala upande mmoja, taratibu, kutoka paji mpaka kisogoni, zikabaki zimelowa. Mtoto akaanza kujiinua juu ya mikono na miguu, yeye ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza, akajiinua kabisa, magoti yakitetemeka, uso umeelekea mlangoni.

Blanchard akaona. Akaachia mikono ikaanguka mapajani.

"Ule alilia ni miye," akasema kwa sauti ndogo. "Mutoto yako ni miye."

Hatua zikabanduka kwenye sementi, zikamgeukia yeye. Kisha Plamedi alianguka kifudifudi, akavuta pumzi, akalia kilio kilichosikika mpaka barabarani, na akanya. Akanya kila kitu! Kahindo alimkumbatia hivyo hivyo, mikono imejaa, blauzi imeharibika, akicheka na kulia na kumwita Yesu, na Véronique kule ng'ambo ya uzio akauliza kuna nini, akajibiwa, "Amekunya! Mutoto amekunya!" Hakuna mavi yaliyowahi kushangiliwa namna ile Bunia nzima.

Katika furaha hiyo Blanchard walimsahau. Alikuwa ameketi pembeni, magoti kifuani. Walidhani amechoka.

Aliyegundua ni Scholastique, kwa kuwa mama haachi kuhesabu vya mwanawe hata akiwa na ndevu. Alimwambia Kahindo kwa kunong'ona, jikoni, "Papa Plamedi haendi choo." Kahindo akaenda kumtazama. Masikio yake yalikuwa yamelowa.

Ilipofika mchana mwingine na mifuniko ikatetemeka, mwanamke yule mzee alisimama mlangoni akatanua mikono. "Enda kwako!" aliifokea barabara tupu. "Huyu nilimuzaa miye, mu Mambasa, mu mvua! Blanchard, mutoto yangu, mwambie. Niite mama, asikie."

Blanchard aliinuka. Alimtazama mama yake kwa heshima, kwa tabasamu lile alilowawekea wageni, akamsogeza kando kwa upole, akatoka miguu mitupu. Watu walimwona kwenye barabara ya Komanda, ameinamisha kichwa, anafuata nyuma karibu karibu, ingawa mbele yake hapakuwa na mtu. Motari mmoja alimwita ampandishe. Hakugeuka.

Ajensi ilipiga simu baadaye. Kuna wageni wapya wameona picha, wanamtaka gidi yule yule anayejua kuita. Kahindo alikata simu.

Na hapo ningefunga, kama Scholastique angekubali. Lakini naye aliolewa ukoo ule, mwito anaujua. Kila mchana anaenda nyuma ya nyumba, anabana pua, anamwita mwanawe kwa sauti ya mtoto, akitumaini kwamba mama yule akija, Blanchard atakuja nyuma yake. Kahindo alimwomba kwa magoti aache, au basi angalau aseme yale maneno kabla ya kurudi ndani.

"Nikisema hakuna mutoto," alijibu, "wa kwangu atarudi kwa nani? Weye wa kwako uko naye."

Jana aliita muda mrefu. Harufu ya uyoga ilikuja, ikakaa kidogo, ikaondoka. Jioni Kahindo akafungua kitambaa cha Plamedi, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa. Kilikuwa na mkojo tu.