Wawili Ndani ya Faili Moja

Ambulensi ilikuwa imeshatoka getini mwa hospitali, king'ora kikilia, Msumari alipoipiga kiki pikipiki yake ya Yamaha.

Jana jasusi huyo alimtia risasi ya paja Chatu, mlanguzi wa silaha. Leo Chatu alikuwa anahamishiwa hospitali ya mpakani kwa jina la kuazima.

Akivuka, kwisha kazi.

Redio ikakoroma. "Msumari, mgonjwa analingana na faili?"

"Jina, ndiyo. Tarehe ya kuzaliwa, ndiyo. Mosi Januari."

"Na jina la mama? Umeuliza?"

"Hakuna muda, Mkubwa."

Akaikatia njia ambulensi. Breki zikalia. Bastola ya Glock mkononi, akafungua mlango wa nyuma, akamnyofoa mgonjwa barakoa ya oksijeni.

Mzee. Midomo imegeuka myeusi.

"Mrudishie baba yangu pumzi yake, mwanaharamu wee!" Binti aliyeketi kando ya machela akampokonya barakoa, akamvisha baba yake.

"Faili linasema ana risasi pajani..."

"Risasi? Baba anaumwa moyo!"

"Jina ni lake. Mosi Januari."

"Kila asiyejua alizaliwa lini huandikwa mosi Januari! Utawapiga risasi wote?"

Msumari hakuwa na pa kuuweka uso. Akasoma tena faili kwenye simu, sauti chini. "Bibi mzaa baba yako aliitwa hivi?"

"Sivyo."

"Na hizi namba mbili za simu za ndugu?"

"Hii yangu. Hiyo nyingine siijui."

Kompyuta ya hospitali iliwaunganisha watu wawili kwa jina na tarehe tu.

Kama alivyofanya yeye.

"Mkubwa, isake namba hii. Na hospitali wayatenganishe mafaili sasa hivi, mzee asije akapewa dawa za Chatu."

Redio ikakoroma tena: "Ipo barabara ya kaskazini, ndani ya ambulensi nyingine. Vizuizi tayari. Njoo ummalize mtu wako."

"Mmalizeni nyie. Mimi namfungulia mzee njia."

Chatu alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, barakoa asiyoihitaji usoni. Akafungwa. Mafaili yalitenganishwa. Mkubwa alipandishwa cheo. Mzee alipona, ila hakuweza tena kupanda ngazi za nyumbani kwake.

Msumari alikwenda kuomba radhi. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

Msumari akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaondoka polepole. Waliomwona walidhani anaringa.