Weupe wa Sanda

Nahumu, mpiga picha wa Makambako, hakuwa na mwingine duniani ila binti yake Ema. Mama mtu alishafariki, na mtoto mwenyewe alikuwa ndio kwanza kainuka kitandani, homa ya mapafu wiki tatu. Jumapili ilikuwa kipaimara chake. Jumamosi asubuhi Nahumu akaenda Kifanya kupiga picha za msiba wa Bibi Rebeka.

Ukungu ulikuwa umeshuka, kila kitu bluu bluu. Mpiga picha anayejua kazi huanza kwa kuipimia kamera weupe: anapiga karatasi nyeupe, kamera inaikariri, rangi nyingine zinakaa sawa. Karatasi, bwana wee, kaisahau nyumbani! Jeneza lilikuwa wazi, watu wakiaga. Akaisogelea sanda, akaipiga yenyewe badala ya karatasi, ikajaa kioo kizima cha kamera.

Oliva, binti wa marehemu, akamshika kiwiko.

"Kaka," alinong'ona, "kwetu sanda haipigwi picha bila uso wa mwenyewe. Futa."

"Nimefuta, dada."

Muongo mkubwa! Akaendelea na kazi. Picha zikamshangaza: bibi wa watu kalala jenezani, mashavu yamemchangamka, midomo laini. Waliomzunguka ndio walikuwa na ngozi ya kijani. Nahumu akasingizia ukungu.

Jumapili kanisani akainua kamera ileile. Kwenye kioo, mchungaji alikuwa amevimba. Wazee wa kanisa ngozi zinawamenyuka shingoni. Mwanakwaya mmoja akafungua kinywa kuimba, na kitu cheupe kikatambaa juu ya ufizi. Ptuu! Akajaribu mipangilio mingine ya rangi ya kamera: wa jua, wa mawingu, wa taa. Wapi! Kamera yenyewe ikaanza kunuka. Mate yakamjaa mdomoni, nusura atapike kwenye viatu vyake.

Ema peke yake alitoka mrembo. Baba mtu akafurahi, halafu akatazama tena. Mashavu yale aliyaona jana, Kifanya.

Akachukua karatasi ya ratiba ya ibada, akaigeuza upande mweupe, akaipimia kamera upya. Mchungaji akarudi mzima. Wazee wazima. Akamgeuzia Ema.

Yote sitayasema, maana kuna watu wanataka kula. Jicho moja lilikuwa limezama. Gauni jeupe lilikuwa limelowa kifuani, manjano.

Akashusha kamera. Kwa macho matupu, Ema alikuwa Ema. Akamsogelea, akamgusa shavu. Baridi. Ngozi ikateleza. Ikabaki kwenye kidole gumba, nyembamba, inanata.

"Baba," Ema alinong'ona, "usiwaambie. Nilitaka kipaimara changu tu."

Nahumu alilia kimyakimya, roho inamuuma. Akairudisha kamera kwenye weupe wa sanda, picha ile ambayo hakuifuta.

"Cheka, mwanangu," alisema.

Akapiga.

Ema alianguka kabla ya baraka za mwisho. Daktari aliyempokea alitoka ameziba pua, akamuuliza Nahumu kwa ukali kwa nini amekaa na maiti zaidi ya wiki.

Picha ile ipo sebuleni kwa Nahumu, Makambako. Binti anacheka, anang'aa. Fremu imebadilishwa mara tatu, na kila kioo kipya kinatoa jasho kwa ndani. Ukipitisha kitambaa pembeni, kinatoka na majimaji ya manjano, vuguvugu.