Karatasi za Vitumbua

Mtaa mzima wa Kinondoni ulikuwa umeshaila hadithi ya Apolinari kabla mwenyewe hajaimaliza. Asiyeamini na akaulize. Kila alipoiandika upya ili aipeleke gazetini, karani huyo wa kutoka Bukoba alimpa Mama Chausiku kurasa alizozikataa, naye akafungia vitumbua. Wateja wakawa wanalamba mafuta huku wanasoma.

Asubuhi moja ya mwaka hamsini na mbili, katikati ya msukumano wa wateja hao, Apolinari alimkuta binti mwenye gauni la maua ya njano amesimama, kitumbua kimempoa mkononi, macho kwenye karatasi.

"Kitakuwa jiwe hicho, bibie."

"Kiwe. Huyu mwanamume yuko mlangoni tangu juu ya ukurasa na hajabisha hodi. Nani kaandika ujinga huu?"

"Mie."

Binti akamtazama kuanzia viatu. "Basi mwambie abishe."

Ndivyo alivyompata Demetria, mwalimu wa shule ya misheni. Kila Jumapili akawa anamsomea barazani kwa shangazi wa binti huyo, Mwananyamala. Muda si mrefu, ndani ya hadithi akaingia mwanamke wa gauni la njano, anayecheka na chakula mdomoni. Demetria hakuuliza ni nani. Alianza tu kumwita Apolinari "laazizi."

Lakini kusahihisha ni maradhi. Apolinari alifuta, akarudisha, akafuta tena. Maneno yalimkinaisha kama uji uliolala. Ukurasa alioupenda Jumatatu, Alhamisi aliuonea haya. Mwisho, kwa uchovu tu, akampiga yule mwanamke mistari ya wino kutoka utosini hadi kwenye nyayo, kisha akaupeleka ukurasa kwa Mama Chausiku.

Alisahau kuwa Demetria anakula vitumbua.

Jumapili hakumkuta barazani. Shangazi akasema, "Kasema mtu uliyemfuta usimpigie hodi."

Akarudi kumwandika upya. Akampa macho ya nyota, akatoka sanamu. Akampa sauti ya kinanda, sanamu jingine. Mpaka akachoka hata kuchovya kalamu, akaenda Mwananyamala mikono mitupu.

Demetria alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa Apolinari alipoketi kando yake mkekani.

"Ulinifuta kwa nini?"

"Wengine wa hadithini nilikuwa nawatengeneza. Wewe kila nikikugusa nakuharibu. Nikaona bora nisikuguse kabisa."

"Ungeniuliza."

"Nilikuwa nimechoka, Deme."

"Na mie nimechoka. Nimekula vitumbua mpaka gauni halifungi, natafuta kurasa zako."

Akachomoa chini ya mkeka karatasi zilizolowa mafuta, akamwekea mapajani. "Huyu ndiye. Mpeleke gazetini na mafuta yake."

Vidole vya Apolinari vikaenda mfukoni kutafuta kalamu. Akavirudisha.

"Demetria, nataka nikuoe. Yaani, kwa heshima zote, mimi kama... Hapana. Ngoja nianze upya."

"Usianze upya. Ile ya kwanza nimeipokea."

Akausogeza ungo katikati yao, akamgeuzia upande wenye mawe mengi.

"Chambua."