Maharage Mabovu ya Gasorwe

Kila Jumamosi asubuhi Latifa alikaa kwenye mkeka mlangoni mwa duka la mama yake, mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, akichagua maharage. Mawe aliyatupa. Punje zilizotobolewa na fukusi, wale wadudu wadogo wanaokula maharage ndani kwa ndani, aliwapa kuku. Vidole vyake vilikuwa vyepesi jamani! Wateja waliyasifu maharage ya Mama Kadidja, na Latifa akiwasikia, kichwa kilimvimba.

Jumamosi moja aliikuta mifuko midogo imepangwa kando ya mizani. Mingine ilikuwa na maharage yaliyochanganywa na majivu. Hiyo hakuigusa, maana majivu yangemchafulia gauni. Mingine haikuwa na majivu, lakini lo, fukusi tele! "Aibu gani hii?" alijisemea. "Mteja akiona, mama atasemwa." Akaichagua yote mpaka yakabaki maharage mazuri matupu. Kuku walishiba siku hiyo. Latifa hakumwambia mtu, kwani kwake ilikuwa kazi ya kila wiki.

Kumbe mifuko ile haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya dada yake, Raissa, mwanafunzi wa chuo kikuu. Raissa alikuwa anatafiti jinsi wakulima wa Gasorwe, kule Muyinga, wanavyohifadhi maharage. Nyumba nyingine hutia majivu, nyingine hazitii. Katika kila nyumba alikuwa amechota bakuli moja, ili ahesabu punje zilizotobolewa.

Jioni Raissa alihesabu, akarudia tena, kisha akaja kula akiwa na furaha.

"Mama, iko kitu cha ajabu! Maharage yasiyo na majivu iko safi kabisa. Fukusi nimewakuta kwenye yale ya majivu tu. Wakulima wanajisumbua bure! Nitapeleka data maktaba ya chuo, na makala yangu itaenda kwenye jarida. Halafu nitawaambia watu wa Gasorwe waache majivu."

Latifa alirudisha tonge sahanini. Sasa alielewa alichofanya. Wakulima wakiacha majivu, wadudu watamaliza chakula chao. Lakini akisema, kazi yote ya dada yake imeharibika, na Raissa alikuwa amepanda vilima vya Gasorwe kwa miguu, jua na mvua. Latifa aliogopa, tena sana.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "mi ndiyo niliyachagua. Yale mabovu niliwapa kuku."

Raissa alimkodolea macho. "Yoo! Latifa we! Yale mabovu ndiyo nilikuwa natafuta!" Akajifunika uso, akalia.

Mama Kadidja alinawa mikono bila haraka. "Latifa, mi nilikufundisha kuchagua maharage ya kuuza. Haya ungeuliza kwanza. Lakini umesema mwenyewe, hiyo ni vizuri. Na we Raissa, nani aliweka vitu vya chuo kando ya mizani yangu bila kuniambia? Futa machozi. Maji yamemwagika, hayazoleki, lakini kisimani bado iko mengine. Mtarudi Gasorwe, nyinyi wawili."

Wakaenda. Huko walipokewa na Mama Josefina, mkulima aliyekulia Tanzania kabla ya kurudi Burundi. Yeye hakuwahi kutia majivu.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Gunia ni lilelile, choteni. Ila kwa jirani yangu Gaudensia mmechelewa. Ameshayapika yote."

Walipita nyumba kwa nyumba. Raissa alichota upya hata penye majivu, ili maharage yote yawe ya wakati mmoja. Latifa alibeba mifuko. Alipoona punje yenye tundu, vidole vilimwasha, lakini aliiacha ilipo.

Waliporudi Gitega walihesabu pamoja. Mambo yalikuwa wazi: penye majivu, fukusi walikuwa wachache, pasipo majivu, walikuwa wengi mno. Raissa alimpigia simu Mama Josefina kumpa habari. "Jamani!" alishangaa mama yule. "Kumbe nimekuwa nikiwalisha wadudu miaka yote! Msimu ujao natia majivu."

Likabaki jambo moja, nyumba ya Gaudensia.

"Andika tu kama ya jirani yake," Latifa alishauri. "Nani atajua?"

Raissa alikuwa amechoka, na shauri lile lilimvutia. Hata hivyo, walipofika maktaba ya chuo alimweleza kwanza Bwana Nazario yote yaliyotokea, akamwomba ushauri. Yeye ndiye aliyetunza data za watafiti kwenye kompyuta, ili mtu yeyote aweze kuzisoma na kuzitumia.

"Hapana," alijibu Bwana Nazario. "Acha wazi, kisha eleza sababu. Eleza pia habari ya mifuko ya kwanza."

Latifa alishtuka. "Watu wote watajua nilikosea?"

"Jina lako halitaandikwa, mwanangu. Kosa ndilo litakaloandikwa." Akaandika, akasoma kwa sauti: "Katika mifuko ya kwanza isiyo na majivu, punje mbovu ziliondolewa nyumbani kwa bahati mbaya, kwa hiyo mifuko yote ya kwanza haikutumika. Nyumba moja haina hesabu, kwa sababu maharage yake yalikuwa yamekwisha." Halafu akamgeukia Latifa. "Basi, ni hayo tu. Bado unaona aibu?"

Latifa alitikisa kichwa. Kwa kweli alijisikia mwepesi.

"Sikiliza," Bwana Nazario alisema. "Wewe ulipokosea, dada yako alikuwa karibu, ukamwambia. Lakini atakayesoma data hizi huenda yuko nchi ya mbali, na hana wa kumuuliza. Atawashauri wakulima wake kwa haya tuliyompa. Tukimficha kosa letu, watakaolala njaa ni watoto wa watu tusiowajua. Kwa hiyo anayegawa maarifa huyagawa pamoja na mabovu yake."